Plasta ya Miaka Mitatu

Nyumbani naitwa Daktari. Si cheo, ni jina nililopewa nikiwa na miaka saba, siku nilipomfunga paka wetu mguu kwa mkono wa shati la Baba na paka akanyamaza. Watoto wengine wakikua, majina ya utotoni huwadondoka kama meno. Langu liligoma. Leo nina miaka thelathini na tisa, sijawahi kuwa daktari hata kwa nusu saa, na bado kwenye misiba watu wananivuta pembeni na kunifunulia vidonda vyao.

Mwenye kosa ni Baba. Alikuwa mlinzi wa geti la hospitali kwa miaka thelathini na moja. Hospitali ile ina njia mbili za kuingilia. Kuna lango kubwa la chuma lenye mbawa mbili, la madaktari na magari ya wagonjwa. Halafu kuna kilango cha pembeni, cha kupita mtu mmoja mmoja, ambacho ni cha sisi wengine: wauguzi, wapishi, wafagizi, mafundi, na mgonjwa yeyote anayeweza kujikokota. Baba alilijua gari la kila daktari kwa mngurumo wake kabla halijakata kona. Alifungua mbawa zote mbili, akakaza mgongo, akapiga saluti. Jioni alitusimulia nani kapita na kapita vipi. "Iko siku nitamfungulia mwanangu," alisema. Aliyasema hayo mbele ya wageni, mbele ya mwenye duka, hata mbele ya msoma mita za maji, ambaye hakuuliza.

Mtihani wa kuingia chuo cha udaktari nimeufanya mara sita. Mara ya kwanza nilikosa alama mbili, watu wakasema bahati mbaya. Mara ya pili nilikosa tisa, wakasema kuna mkono wa mtu. Kuanzia ya tatu waliacha kusema chochote, na nikawashukuru. Kati ya mara ya pili na ya tatu nilipata kazi ya muda kwenye karakana ya miguu bandia, nyuma ya hospitali, ukishapita chumba cha kufulia. Hiyo kazi ya muda sasa ina miaka kumi na minne.

Mkuu wa karakana tunamwita Milimita, kwa sababu kwake yeye sentimita ni kipimo cha watu wanaochimba mitaro. Mtu akija kwetu, tunakizungushia kigutu chake, kile kipande cha mguu kilichobaki, bandeji za plasta zilizoloweshwa, tunangoja zikauke, tunalivua lile ganda, kisha tunamimina plasta nyingine ndani yake. Tunapata umbo: kigutu cheupe, kizito, cha kuweka mezani. Juu ya umbo hilo tunalaza plastiki ya moto, na hicho ndicho kikombe, pale mtu anapoingiza mguu wake. Kikombe kikikosea milimita tatu, mtu anatoka kidonda. Kwa hiyo tunapaka lipstiki. Ndiyo, lipstiki, nyekundu, ile ya bei ya chini kabisa dukani. Unampaka kwenye kigutu, anavaa, anasimama, anavua, na pale panapombana unakuta rangi imehamia kwenye plastiki. Mke wa Milimita, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, alirudi kwao wiki mbili kwa sababu ya mashati. Ilibidi mgonjwa mmoja aende kutoa ushahidi, na alivua mguu sebuleni kwa wakwe ndipo wakamwelewa.

Milimita ana sheria zake. Ya kwanza: usimuulize mtu kama inauma, muulize wapi. Ukimuuliza kama inauma atakwambia hapana, hasa akiwa mwanamume, hasa mkewe akiwa amekaa pale. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwetu humuumbua kikombe. Sheria ya pili: plasta ya mwaka jana ni ya mtu mwingine. Kigutu hupungua, hasa miaka ya mwanzo. Mtu akirudi baada ya muda tunavunja umbo lake la zamani na kumpima upya, hata akilalamika kwamba anapotezewa wakati. Nimewaambia hivyo watu mia kadhaa. Ya tatu ni kwamba ile methali ya asiyesikia la mkuu haisemwi karakanani. Hiyo tuliipitisha wote.

Baba alikuja kwetu kama mteja miaka mitatu iliyopita. Sukari ilikuwa imemtia ganzi nyayo. Asubuhi moja alikanyaga msumari, ukapenya kiatu, akasimama juu yake zamu nzima akifungua na kufunga, na akaugundua jioni alipovua soksi. Ganzi haiumi, huo ndio ubaya wake. Mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Kidonda kilipopona vizuri, mimi na Milimita tukamchukua plasta, na juu ya umbo nikaandika kwa penseli: Baba. Wiki iliyofuata yakatoka matokeo yangu ya mara ya sita. Baba aliyasoma mara moja, akaikunja karatasi mara nne.

"Huo mguu uacheni kwanza," alisema. "Tutasimama pamoja, mimi na wewe. Siku utakayokuwa daktari, ndiyo siku nitakayovaa."

Alidhani ananitia moyo. Basi akabaki na magongo ndani ya nyumba na kiti cha magurudumu nje. Kigutu chenyewe hakuniruhusu nikione tena. Aliyekiosha na kukifunga ni Shangazi, dada yake, ambaye anaishi nasi na kutugombeza kwa zamu. Mimi nililiweka lile umbo rafu ya juu karakanani, nyuma ya makopo ya gundi, na vitabu vyangu nikaviweka mezani nyumbani. Miaka mitatu, kila Jumamosi, nilivipangusa vumbi.

Chuo cha udaktari hakipokei mtu aliyefikisha miaka arobaini. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwangu. Fomu ilitakiwa ifike Ijumaa, na Jumatatu ya wiki hiyo Milimita akanisogezea fomu nyingine juu ya meza, kati ya tupa na bisibisi. Ilikuwa ya chuo cha mafundi wa viungo bandia, miaka miwili.

"Mimi nina miaka miwili nistaafu," alisema. "Bila mtu mwenye cheti watafunga hapa, wapanue chumba cha kufulia. Na huwezi kwenda kote kuwili, vyuo vyote viwili vinaanza mwezi uleule. Sikulazimishi, mama. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo haijavunjika, mzee," nikamwambia. "Nimechoka kuishika tu."

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimejisikia nikisema hivyo.

Nilianza na fomu ya udaktari. Jina, umri, shule, yote nayajua kwa moyo. Nikafika kwenye mstari wa sababu za kuomba. Mara sita zilizopita niliujaza mpaka pembeni. Safari hii nilikaa kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta funguo alizoziacha ndani. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho niliutaka udaktari wenyewe, acha kutaka jambo hilo liishe. Sikukumbuka. Nikavuta fomu ya pili, na kwenye mstari kama ule ule nikaandika: Naijua kazi hii. Nikaona inatosha.

Ijumaa nikaipeleka hiyo ya pili posta. Nilidhani nitalia, au nitajisikia mwepesi, kama wanavyosimulia watu waliotua mizigo. Sikusikia kitu. Nilinunua vitunguu na sabuni ya kufulia, nikasahau chenji, nikarudi kuichukua.

Jumapili baada ya chakula nikamwambia Baba. Shangazi alikuwa anaondoa sahani, akasimama nazo mkononi.

"Baba, fomu ya udaktari sikuipeleka. Nimeomba chuo cha mafundi."

"Utaipeleka kesho."

"Muda umepita."

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Kisha akachukua magongo, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningejua pa kuanzia.

Tangu siku hiyo hakuniita Daktari. Hakuniita kitu kingine pia. "Mwambie kuna simu yake," alimwambia Shangazi, na mimi nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Shangazi alivumilia siku nne.

"Kaka, mimi si mwanya wa mlango," alimwambia. "Mkitaka kusemezana semezaneni, nina nguo za kuanika."

Akabeba beseni lake akatoka. Mimi nilikuwa nakwenda kazini, narudi, nakula, nalala vizuri. Hilo la kulala vizuri ndilo lililonitia wasiwasi. Mtu anaacha jambo la miaka ishirini, anamvunja baba yake moyo, kisha anakoroma? Nilijifinya mkono siku moja nikiwa jikoni. Uliniuma kidogo, kawaida tu.

Wiki ya tatu ikaja barua ya chuo. Walitaka kila mwombaji alete mguu mmoja aliouunda mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na mwenye mguu atembee hatua ishirini mbele ya wakaguzi. Wakaguzi wangekuja hospitalini kwetu mwisho wa mwezi uliofuata. Milimita alikuwa ameshanichagulia mtu, mpishi mmoja mstaafu, mcheshi, mwenye kigutu kizuri, kigumu, kisicho na makovu. Kila fundi angependa kupewa mtu kama yule.

"Ninaye wangu," nikamwambia.

Nikapanda ngazi, nikashusha umbo lililoandikwa Baba. Penseli ilikuwa imefifia. Nilifanya kazi siku nne bila kumshirikisha mtu. Nililainisha plasta kwa msasa, nikalaza plastiki, nikaunga bomba, nikafunga unyayo, nikapima urefu kwa kiatu chake cha kazi ambacho Shangazi alinitolea kwa siri uvunguni. Ulikuwa mguu msafi kuliko yote niliyoifanya. Milimita aliuzunguka mara mbili akiwa na mikono mgongoni. Aliangalia umbo, akaniangalia mimi, akafungua mdomo, kisha akaenda kunawa mikono. Sasa najua alichokuwa anataka kusema. Wakati ule sikuuliza.

Jumamosi mchana nikauleta nyumbani ndani ya gunia. Baba alikuwa ukumbini anasikiliza redio. Nikauweka mguu mbele yake, na kiatu chake kikiwa kimevalishwa tayari, kimepigwa rangi. Nikamweleza kuhusu wakaguzi, hatua ishirini, tarehe. Nilisema kwa sauti ninayotumia kwa wateja.

Alizima redio. "Kiatu changu," alisema. Kilikuwa kitu cha kwanza kuniambia baada ya wiki tatu.

"Ndiyo."

"Mwambie..." alianza, akamtafuta Shangazi kwa macho, na Shangazi akatoka nje na beseni tupu. Baba akashusha pumzi. "Haya. Lete."

Akakunja suruali, akafungua bandeji mwenyewe, akiwa ameelekeza uso dirishani. Nikampaka lipstiki. Nilimsikia akinong'ona kitu kuhusu uzee na maajabu yake. Nikamvisha soksi nyembamba tunayotumia, rangi hupenya, kisha kikombe. Kiliingia upesi mno. Akashika mkono wa kiti, akainuka, akasimama kwa miguu miwili. Ningetakiwa kusikia kitu moyoni hapo. Nikauliza nilichofundishwa.

"Wapi, Baba?"

"Wapi nini?"

"Wapi panabana?"

Akafikiri. "Hapabani popote." Akainua mguu apige hatua. Mguu ukabaki sakafuni nyuma yake, na kiatu na rangi yake, na Baba akarudi kitini kwa kishindo kilichomrudisha Shangazi mbio na beseni.

Nikauinua ule mguu, nikachungulia ndani ya kikombe. Plastiki ilikuwa nyeupe tupu. Hakuna doa la lipstiki hata moja. Sijawahi kuona kikombe kisichomgusa mtu popote. Nikakiangalia kigutu chake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Kilikuwa kimekonda, kimekuwa kidogo kama mkono wa mtu mwingine. Kosa hili mwanafunzi wa wiki ya kwanza halifanyi. Mimi, mwenye miaka kumi na minne, ninayewagombeza watu kuhusu plasta za zamani, nilikuwa nimemtengenezea mguu mtu ambaye hayupo. Uso ukanichoma kwa aibu. Nilikaribia kuifurahia, maana angalau ilikuwa kitu.

"Huu mguu ni wa nani?" Baba akauliza.

"Ni wako. Wa miaka mitatu iliyopita."

"Yule alikuwa mnene," akasema.

"Nilitumia plasta ya zamani. Ilitakiwa nikupime upya."

"Na kwa nini hukunipima?"

"Kwa sababu ungekataa."

Hakubisha. Akajipapasa kigutu kwa vidole viwili, akaitazama rangi nyekundu iliyobaki kwenye vidole, akaifuta kwenye suruali, na Shangazi akaguna kwa ajili ya suruali.

"Kwa hiyo yule hayupo tena," Baba alisema.

"Hayupo."

"Na yule Daktari?"

Nilitaka kujibu kwa upole, nikatafuta maneno ya kuzunguka, sikuyapata.

"Naye hayupo, Baba. Kaondoka muda mrefu. Mimi nilikuwa namfutia vumbi tu."

Shangazi akaliweka beseni chini bila sauti. Nilijua Baba alikuwa anaumia, kwa jinsi alivyokaza mgongo, kama anangoja gari. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa mbali, kama sauti ya redio ya jirani. Halafu akaninyooshea kile kigutu.

"Haya, pima," akasema. "Lakini maji yawe ya moto. Mara ile mliniletea ya baridi."

Jumatatu nilitoka na lile umbo nje ya karakana, nikaliweka juu ya saruji, nikalipiga nyundo. Plasta ya miaka mitatu ni ngumu. Nilipiga mara tano. Milimita alisimama mlangoni na chai yake. "Umechelewa," alisema, akaingia ndani kunitayarishia bandeji.

Baba alijifunza kutembea kwenye ujia wa nyumba, kati ya jiko na choo, Shangazi akimhesabia kwa sauti na kumdanganya idadi ili aongeze. Kila nikimuuliza wapi, alisema hakuna kitu. Nilikitafuta kwa lipstiki, nikachonga, nikaongeza, nikapunguza. Alikuwa hajarudi kuniita kwa jina lolote, lakini aliacha kumtuma Shangazi.

Siku ya wakaguzi teksi ikatushusha mbele ya hospitali. Mlinzi wa geti siku hizi ni mama mmoja mpole aliyefundishwa kazi na Baba mwenyewe. Alipomwona amesimama alipiga vigelegele kidogo, akazuia mdomo kwa kiganja kwa kukumbuka yuko kazini.

"Mzee wangu! Karibu, karibu. Pitia huku kilangoni, kuna kivuli."

"Fungua lango," Baba akasema.

"Mzee, unajua sheria..."

"Sheria hiyo niliibandika mimi pale ukutani, kwa gundi yangu."

Mlinzi akanitazama. Mimi nikatazama viatu. Baba akampa fimbo yake aishike, akasogea mpaka kwenye komeo, akalivuta kwa mikono miwili, akafungua ubawa wa kushoto, akarudi, akafungua wa kulia. Zote mbili, kwa ajili ya mtu mmoja anayekwenda kwa miguu na mfuko wa vifaa begani. Saluti hakupiga.

"Pita," akaniambia.

Nikapita katikati. Nilikuwa nimeisikia siku hiyo ikisimuliwa tangu utoto, na sikujua niweke wapi mikono. Nikasikia hatua zake nyuma yangu, ya mguu, ya bandia, ya mguu. Zikasimama. Nikageuka. Alikuwa katikati kabisa ya lango, uzito wote ameuegemeza kushoto.

"Wapi, Baba?"

Nilijua atasema hakuna kitu.

"Hapa," akasema, akainama kunionyesha. "Chini ya goti, upande wa ndani. Panachoma. Tangu juzi."

Nikapiga magoti palepale kwenye kokoto, nikamkunja suruali, nikatoa lipstiki na spana. Nilikuwa nimelegeza skrubu ya kwanza niliposikia gari linakata kona. Baba alilisikia kabla yangu. Mwili wake wote ulikaza kwa mazoea. Gari likasimama nyuma yetu, jeusi, limeng'aa. Likapiga honi mara moja. Nikaanza kuinuka ili tupishe.

Baba akaniwekea mkono begani, akanirudisha chini. Mkono wa pili akaunyoosha kuelekea gari, kiganja wazi.

"Ngoja kidogo, Daktari," akamwambia yule aliyekuwa ndani. "Fundi yuko kazini."

Gari likazima injini. Kokoto zilikuwa zinanichoma magoti. Nilizisikia zote, moja moja.